Bega Nalo Lina Kauli

Wapo wawindaji wanaoamini kwamba bunduki kubwa ndiyo ya mwanamume. Mtu anakata leseni ya swalapala na ngiri, kisha anaingia porini na bunduki ya .375. Risasi ya kwanza bega linauma. Ya pili anafumba macho kabla ya kufyatua. Ya tatu mtutu unainama, na mnyama anakimbia na risasi ya tumbo.

Msimamo wetu ni huu: beba bunduki usiyoiogopa.

Hatuibezi .375 H&H. Tangu ilipotoka Uingereza mwaka 1912 imefanya kazi ya heshima, na kwa nyati na tembo Tanzania haitaki kitu chini ya hapo. Sawa kabisa. Lakini teke lake linakaribia mara mbili ya lile la .30-06, na .30-06 yenyewe inamtosha kongoni au nyumbu bila shida. .308 ni pole kidogo kuliko hiyo. 7x57 ya Wajerumani, iliyotengenezwa karne ya 19, ni pole zaidi, na wala haijazeeka.

Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa hiyohiyo 7x57. Hatumsifu kwa idadi hiyo, na leo sheria isingemruhusu. Ila alijua ubongo wa tembo umekaa wapi ndani ya fuvu, na mkono wake haukushtuka.

Muuzaji naye atakusifia bunduki nyepesi. Ni kweli, ukitembea nayo kutwa utamshukuru; ukifyatua utamlaani. Kwa risasi ileile, bunduki ya kilo 3 inapiga bega kwa nguvu kuliko ya kilo 4. Mpira mzuri kwenye kitako unasaidia. Kitako kifupi kuliko mkono wako kinaileta darubini kwenye nyusi, na wapo wenye kovu la kuonyesha.

Anayebisha kwamba hashtuki ajipime. Kwenye uwanja wa shabaha, mwenzake amjazie bunduki bila yeye kuona, mara kwa risasi, mara bila risasi. Siku chemba iko tupu na mtutu bado unaruka, ubishi umekwisha.

Jambo hili si la bega la mtu mmoja tu. Nyati aliyejeruhiwa hufuatwa kichakani, na anayetangulia ni mfuata nyayo, siyo aliyekosea kulenga. Kwa hiyo kiongozi wa msafara asione haya. Kabla gari halijaondoka kambini, kila mwindaji apige risasi tatu kwenye karatasi, mita 100. Zikitawanyika, apewe bunduki ndogo na mnyama wa kiasi chake, hata kama ni mkubwa wa ofisi.