Supu nzito ya jioni si aibu, na si kazi ya dada peke yake

Ndugu na dada zetu, leo hatuandiki juu ya safari za Marekani wala juu ya mpira. Tunaandika juu ya sufuria. Wengine mtacheka, lakini hapa Nakivale jioni ndiyo saa inayoonyesha nani yuko na kitu na nani hana.

Wazo letu ni moja. Nyumba nyingi hapa, na zaidi geto za vijana wanaoishi peke yao, zingekula vizuri zaidi kama siku za kazi jioni zingepika supu moja nzito, yenye mboga, karanga na nyama kidogo. Hiyo ni bora kuliko kula bugali na mchuzi wa maji wiki nzima tukingojea siku moja ya nyama.

Kwa nini tunasema hivi sasa? Kila mtu anajua mgao umekuwaje. Katikati ya mwaka 2023 wakimbizi wa Uganda tuligawanywa kwa makundi matatu: wakati huo walio na shida zaidi walipewa asilimia 60 ya mgao kamili, wa katikati asilimia 30, na kundi la tatu hawakupewa kitu. Mwaka 2025 pesa za wafadhili zikapungua tena, na watu kama milioni moja wakatolewa kwenye chakula cha msaada. Sisi tunaojitolea, tunaopita nyumba kwa nyumba, tunaona matokeo. Kuna watoto wanakula mara moja kwa siku. Sasa, kama chakula ni kimoja tu, basi hicho kimoja kinapaswa kubeba kila kitu. Unga peke yake haubebi.

Tumbo la mtoto ni dogo. Ukilijaza mchuzi wa maji, linajaa lakini halina nguvu, na usiku mtoto analia. Karanga zinaleta mafuta na protini. Boga na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinaleta vitamini A, na mwili unaipokea vizuri kama kuna mafuta ndani ya chakula. Tena nyama ikikatwa vipande vya kuhesabu, tunajua inavyoenda: baba anapata, mgeni anapata, watoto wanachovya. Ikikatwa ndogondogo ndani ya supu nzito, kila kijiko kinapata ladha.

Sisi tunapika hivi, kwa watu sita. Nusu kilo ya nyama yenye mifupa, kata ndogo, chemsha na chumvi mpaka ianze kulainika. Kama nyama hakuna, chukua ndagala, ile hapa wanaita mukene, osha vizuri, kaanga kidogo, weka pembeni. Kaanga kitunguu na nyanya tatu, mimina kwenye nyama pamoja na maji yake. Weka viazi vitamu, boga na karoti. Vikiiva, ponda nusu yake na mwiko humohumo ndani, hapo supu inaanza kushika. Chukua kikombe cha karanga zilizosagwa, koroga na maji ya vuguvugu mpaka isiwe na mabonge, mimina polepole. Punguza moto, koroga bila kuacha, maana karanga inashika chini haraka na ikiungua imeharibu sufuria yote. Ukiona mafuta yanapanda juu, imeiva. Mwisho kabisa weka lengalenga, ile dodo ya Waganda, na ndagala kama ndiyo uliyo nayo. Dakika tano, unatoa.

Chagua karanga kabla ya kusaga. Yenye ukungu ao iliyobadilika rangi tupa, usiseme moto utaiua. Sumu ya ukungu haiishi kwa kupika. Na asiye na karanga, tuko Isingiro, nchi ya ng'ombe: kikombe cha maziwa mwishoni kinafanya kazi, ila moto uwe chini yasije yakakatika.

Kuhusu kuni. Tunajua nani anaenda kuzitafuta, na tunajua wasichana wanakutana na nini huko mbali. Kwa hiyo sufuria moja badala ya mbili si jambo dogo. Mnaweza kupunguza tena kwa kikapu: supu ya nyama, kabla ya kuweka karanga na majani, ikishachemka sana dakika kama ishirini, funika vizuri, iweke ndani ya kikapu chenye blanketi kuukuu ao majani makavu ya ndizi, funga pande zote. Inaendelea kuiva yenyewe masaa mawili matatu bila moto. Ukirudi unaichemsha tena, unamalizia.

Kuna wanaosema hiki ni chakula cha wagonjwa ao cha watu waliochoka na maisha. Angalieni majirani zetu. Wahabeshi wana shiro, unga wa dengu unaopikwa mpaka unakuwa mzito, na wanakaribisha nayo wageni. Wasomali wana maraka ya mbuzi na viazi. Wanyarwanda wana igisafuriya, kuku na ndizi na mboga pamoja, hata jina linatoka kwenye sufuria. Waganda wana katogo. Na sisi wa Kivu, nani hajala sombe yenye karanga kwa bibi yake? Hakuna hapa aliyezaliwa na aibu ya chungu kimoja. Aibu tumeipata njiani.

Wengine wanasema, bila bugali sijakula. Sawa, hatukatazi bugali. Songa kidogo, ule na supu. Unga utafika siku nyingi zaidi.

Wengine wanasema kuchanga kunaleta ugomvi. Ni kweli, kama hakuna daftari. Vijana wanne wakichanga, mmoja anunue, mwingine apike, mwingine aoshe, na kila kitu kiandikwe: nani ametoa nini, nani zamu yake kesho. Asiye na pesa alete kuni ao majani ya shambani, ihesabiwe pia. Tumeona geto zinaishi hivyo miezi, bila kupigana.

Na hapa tunazungumza na wavulana wenzetu. Dada anatoka shule saa moja na wewe, anafika, anachota maji, anawasha moto, anapika, anaosha, halafu mtihani unakuja tunashangaa amefeli. Wewe ulikuwa kibandani unachaji simu. Kukoroga karanga hakutoi uanaume wa mtu. Zamu mbili kwa wiki, tuanzie hapo.

Neno moja kwa wakubwa, kama wanasoma. Msichukue maneno haya mkasema, mnaona, wamejipanga, hawahitaji tena. Supu nzuri inahitaji kitu cha kuweka ndani. Mama mwenye watoto watano na bila shamba hawezi kuponda viazi ambavyo hana. Tunafundishana kutumia vizuri kilichopo, na palepale tunasema kilichopo hakitoshi. Hayo mawili yanaenda pamoja.

Wiki hii jaribuni jioni mbili tu. Mkipika ya kutosha, mwiteni mzee wa jirani anayeishi peke yake, bakuli moja haliwaangushi. Na nyinyi wenzetu wa Kyangwali, wa Nyarugusu, wa Dzaleka, tuandikieni: kwenu supu inashika kwa nini, na nani anapika?