CHAJA YA SIMU SI DAWA YA TARAKILISHI

Chumba chetu cha tarakilishi kina mjadala mkali. Adapta ya Raspberry Pi 4 imeungua, na wengi wanasema, "Si tutumie chaja yoyote ya simu? Kichwa chake kinaingia!" Mimi napinga, tena kwa sauti kubwa. Kuingia si kufaa. Ufunguo waweza kuingia kwenye kufuli na usifungue.

Wanafunzi wenzangu, someni maandishi madogo yaliyo mgongoni mwa adapta. Palipoandikwa INPUT ni umeme unaoingia. Stima ya ukutani hapa Kenya ni volti 240, kwa hivyo adapta ya volti 100 hadi 240 inatufaa. Palipoandikwa OUTPUT ni umeme unaotoka, na hapo ndipo penye kazi. Tarakilishi hii ndogo, iliyotolewa mwaka wa 2019, huhitaji volti 5 na ampea 3. Zidisha upate wati 15. Chaja nyingi za zamani za simu hutoa volti 5 na ampea 1, yaani wati 5 tu. Hapo punda mmoja amebebeshwa mzigo wa punda watatu!

Kanuni ni mbili. Volti sharti zilingane, kwani zikizidi zaweza kuunguza mashine. Ampea nazo zisipungue. Zikizidi hakuna neno, maana tarakilishi huvuta kiasi inachohitaji tu. Waya pia uangaliwe, kwa sababu waya mrefu na mwembamba hupoteza volti njiani.

Umeme ukipungua, alama ya radi huonekana kwenye skrini. Kazi huenda kwa mwendo wa kobe, au mashine hujizima ghafla. Ikijizima huku inaandika kwenye kadi ya kumbukumbu, faili zaweza kuharibika, na kazi ya muhula mzima ikaenda na maji.

Kuna wanaosema ati pesa hazipo. Nawaelewa, karo yenyewe ni shida. Lakini sisi ni wanafunzi wa kutwa. Wengi wetu hatuna tarakilishi nyumbani, na kengele ya jioni ikilia, mlango hufungwa. Mwenzetu wa kidato cha nne akipoteza mradi wake wa mtihani, ataurudia saa ngapi, na wapi? Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Adapta ndiyo ufa. Mashine na mitihani ndiyo ukuta.

Ombi langu kwa walimu wetu wapendwa ni kwamba inunuliwe adapta ya volti 5 na ampea 3, yenye alama ya ubora ya KEBS, nayo isiazimwe kuchajia simu ya mtu. Nanyi wenzangu, kabla ya kuchomeka chochote, someni kwanza. Kusoma si ndiko kulikotuleta hapa?