Kadi ya Manjano Kabla ya Safari

Mama mwenzetu, wengi wetu hapa Moshi, Marangu na Rombo tuna ndugu Kenya. Kukiwa na harusi au msiba tunapita Holili na kuingia Taveta. Viza hatudaiwi, kwa kuwa sote ni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini hati ya kusafiria ni lazima, na mtoto naye awe na yake, hata anayenyonya.

Tena iko kadi ya homa ya manjano. Kenya imo katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, hivyo tunaporudi nyumbani twaweza kuulizwa kadi. Sindano hutambuliwa baada ya siku 10. Kuchomwa asubuhi ya safari hakusaidii.

Mwenye kadi ya zamani asiitupe. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, chanjo moja yatosha maisha yote, hata kama kadi imeandikwa miaka 10. Fedha ya sindano ya pili ibaki kwa ada ya watoto.

Msiba haupigi hodi. Tuchanjwe sasa, tungali nyumbani na nafasi ipo.