Mnajimu naye ana mgombea wake

Uchaguzi ukikaribia, kundi la WhatsApp la ukoo hubadilika. Katikati ya michango ya harusi na picha za mahafali ya watoto, inaingia klipu ya mnajimu anayemtaja rais ajaye kwa jina. Mjomba anaituma na kuongeza, "Si niliwaambia?" Shangazi, ambaye ni wa chama kingine, anajibu kwa maneno makali. Wiki haiishi, watu wawili wamejitoa kwenye kundi. Watoto wako sebuleni, wanasikia yote.

Mzazi mwenzangu, leo tusibishane kama nyota zina siri au hazina. Tumtazame anayezisoma. Mnajimu ni mtu kama wewe: ana chama, ana kwao, ana wateja wanaomlipa, na ana mgombea anayemwombea kimyakimya.

Kuna kisa cha zamani kinachoonyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1645 Uingereza ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Mfalme Charles wa Kwanza upande mmoja na Bunge upande wa pili. Mei 7, mfalme alitoka mji wa Oxford na jeshi lake. Mnajimu George Wharton, mtu wa mfalme, akaipigia hesabu safari hiyo na kutangaza kuwa mfalme atashinda. Mnajimu William Lilly, mtu wa Bunge, akatazama anga hilohilo na kutangaza kuwa Bunge litashinda.

Juni 14, katika mapigano ya Naseby, jeshi la mfalme lilisambaratishwa. Lilly akasifiwa sana. Lakini tazama vizuri: kila mmoja alitabiri ushindi wa upande wake. Kwa hesabu hiyo, mmoja wao lazima angepatia.

Mambo huendaje hivyo? Katika unajimu, kila sayari ina maana nyingi. Zohali huhesabiwa kuwa sayari ya vizuizi na hasara, lakini pia ni sayari ya wajibu na madaraka. Ikiigusa nyota ya mgombea usiyempenda, utasema anaanguka. Ikiigusa ya yule unayempenda, utasema anakabidhiwa mzigo mzito wa kuongoza nchi. Mnajimu si lazima awe mwongo. Moyo umeshapiga kura, nyota zinakuja kuweka sahihi tu. Ndiyo maana wahenga walisema, ukipenda chongo utaita kengeza.

Ya karibuni ni ya Marekani. Mwaka 2012, kwenye kongamano la wanajimu mjini New Orleans, watano walikaa jukwaani na wote wakasema Barack Obama atashinda. Akashinda kweli. Miaka minne baadaye, wanajimu wengi waliojitokeza hadharani walimpa ushindi Hillary Clinton, na Novemba 8, 2016 akashinda Donald Trump. Tena saa aliyozaliwa Clinton ilikuwa na utata: wapo waliosema saa mbili asubuhi, wapo waliosema saa mbili usiku. Saa ikibadilika, usomaji wote wa nyota unabadilika. Mwenye jibu lake moyoni angeweza kuchagua saa inayomfaa.

Kwetu Afrika Mashariki, wengi tunalikumbuka jina la Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011, na jinsi utabiri wake wa siasa ulivyozungumzwa majumbani na vijiweni. Kiu ya kujua kesho tunayo sisi sote. Hatari ni pale kiu hiyo inapogeuka uhakika. Aliyeaminishwa kuwa mtu wake ameshashinda angani, akishindwa kwenye kura anaona ameibiwa hata kabla ya kuuliza ushahidi. Chuki hiyo inarudi nyumbani jioni na kukaa mezani na watoto.

Ufanye nini?

Kwanza, mtoto akikuletea klipu usimkemee. Muulize, "Unadhani huyu anataka nani ashinde?" Swali hilo moja litamsaidia kwa mnajimu, kwa mchambuzi wa mpira na hata kwa muuza dawa.

Pili, andikeni utabiri kwenye daftari kabla ya siku ya kura, pamoja na tarehe na jina la aliyesema. Matokeo yakitangazwa, fungueni daftari pamoja na mhesabu yote, yaliyotimia na yaliyokwama. Sisi binadamu hukumbuka yaliyotimia na kusahau mengine. Daftari halisahau.

Tatu, muulize mtoto ni kitu gani kikitokea mtabiri atakubali kuwa amekosea. Akisema "kiongozi mkubwa atapata misukosuko", hajasema kitu, maana hakuna mwaka unaopita bila hilo.

Nne, kabla hujasambaza, jiulize kama unaituma kwa sababu ni kweli au kwa sababu imekufurahisha.

Na hapa tujitazame. Wazazi nasi ni wanajimu wa nyumba zetu. "Huyu atakuwa daktari, yule hana kitu, kafanana na baba yake mdogo." Tunasema tumeona dalili, kumbe tumempenda mmoja zaidi. Anayependwa akifeli hesabu, tunasema mwalimu mbaya. Asiyependwa akifaulu, tunasema kabahatisha. Wharton na Lilly walifanya hivyohivyo na sayari.

Tofauti ni kwamba Zohali haisikii inayosemwa. Mtoto anasikia, na akiambiwa kila siku kuwa hana kitu, mwishowe anaamini.