Umeme wa Bahari Ufundishwe Pamoja na Hesabu Yake

Bahari za ukanda wa joto hupokea jua mwaka mzima. Maji ya juu hufikia nyuzi joto 25 na zaidi, lakini kwenye kina cha mita 1,000 yana nyuzi 4 au 5 tu. Tofauti hiyo yaweza kuzalisha umeme usiku na mchana. Maji ya juu huchemsha kimiminika chepesi kama amonia, mvuke wake huzungusha turbini, na maji baridi yaliyopandishwa kwa bomba huurudisha mvuke huo kuwa kimiminika. Hakuna kuni wala mafuta yanayochomwa.

Twaona elimu hii yafaa ifundishwe katika sekondari zetu, hasa za pwani, ambako kilindi hakiko mbali: kati ya Pemba na bara kina hufikia mamia ya mita. Mwalimu hahitaji maabara ya fahari. Wenyeji wa milimani wanajua kuwa maharage huchelewa kuiva kule juu, kwa kuwa hewa ni nyepesi na maji huchemka kabla ya kupata moto wa kutosha. Basi mwalimu avute ndani ya bomba la sindano maji ya moto ambayo hayajachemka, azibe tundu kwa kidole, kisha avute mpini kwa nguvu. Maji yatachemka mbele ya macho ya darasa.

Mfaransa Georges Claude alifanya hivyo kwa maji ya bahari huko Matanzas, Kuba, mwaka 1930. Mtambo wake ulitoa kilowati 22, lakini ulikula umeme mwingi kuliko uliozalisha. Na hilo nalo lifundishwe! Somo linalosifu tu ni tangazo la biashara.

Mfano wa kisiwa cha Nauru, katika Pasifiki, unatugusa zaidi. Mwaka 1981 Wajapani walijenga huko mtambo wa kilowati 120 hivi. Takriban 90 zilitumiwa na mtambo wenyewe; zilizobaki zilipelekwa shuleni na mahali pengine. Atakayetangaza zile 120 bila kutaja hizo 90 amewanyima wananchi haki ya kujua. Watu wa Nauru walikuwa wameonja tayari uchungu wa mali yao kuchukuliwa: kwa miaka mingi fosfeti ya ardhi yao ilichimbwa ikarutubisha mashamba ya wengine, hata mwaka 1989 wakaishtaki Australia katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Mwaka 1993 Australia ilikubali kulipa fidia. Ardhi iliyochimbwa, lakini, haikurudi.

Kazi yenyewe haijasimama. Huko Hawaii mtambo wa kilowati 105 uliunganishwa na gridi mwaka 2015. Wataalamu wakija siku moja pwani yetu na michoro yao, twataka awepo kijana wa hapa awezaye kuuliza: baada ya pampu kula, zinabaki kilowati ngapi, na zitawasha taa za nani? Maji ya kilindini, yenye baridi na virutubisho vingi, yatamwagwa wapi, na samaki watakuwaje? Tunawaomba wazazi walio katika bodi za shule walifikishe jambo hili kwa walimu wa fizikia na jiografia. Wavuvi nao waalikwe darasani, maana wao ndio wajuao bomba la namna hiyo lingepita juu ya mitego ya nani.