Tangi Si Ziwa

Makala iliyodai kwamba samaki wa Ziwa Nyasa wanaofugwa nyumbani hawahitaji kubadilishiwa maji, kwa kuwa hata ziwa lenyewe halibadilishwi na mtu, imeniacha kinywa wazi. Mwandishi amewahi kusimama Mbamba Bay akalitazama ziwa lile? Kina chake kinafika karibu mita 700. Mto Ruhuhu unaingia, Shire unatoka. Tangi lako la lita 100 lina mto gani?

Anasema kujazia yaliyopungua kunatosha. Hapana. Maji yanayokauka huondoka peke yake, uchafu ukabaki. Kila ndoo unayoongeza inauacha palepale. Tena maji ya Nyasa yana ualkali kidogo, na ndiyo wanayoyapenda mbuna, samaki wa miambani wa ziwa hilo, lakini katika maji ya namna hiyo amonia itokanayo na kinyesi na chakula kilichooza huwa sumu kali zaidi. Hilo hakuligusa kabisa.

Wala sisemi umwage yote na kusugua changarawe kwa sabuni, kama wafanyavyo wengine kila mwisho wa mwezi. Bakteria wanaoivunja amonia wanaishi humo humo, kwenye changarawe na chujio. Toa robo kila wiki kwa mpira, ukinyonya taka za chini. Maji ya bomba yenye klorini yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima. Chujio lisuuze kwa maji uliyoyatoa tangini, basi.

Na asiye na bomba, akikinga maji ya mvua, aweke mawe ya chokaa tangini: mvua haina madini wanayoyahitaji mbuna.