Ule mupira wa Mwepu Ilunga ulikuwa neno la mufanyakazi

Kila mara Léopards wanapoanguka, vijana wa Manika na Dilala wanatoa tena ile filamu mu telefone. Tarehe 22 Juni 1974, Gelsenkirchen, kule Ujerumani. Brazil wanataka kupiga mupira wa adhabu. Namba 2 wa Zaïre anatoka mbio mu ukuta, anapiga ule mupira mbali. Watu wanachekaka. Banasema: hakujua hata sheria ya mupira.

Sisi watu wa sendika hatuchekake. Tunauliza swali lingine: huyu mutu alikuwa amelipwa?

Ile timu haikuwa ya ovyo. Mwezi wa Machi mwaka ule ule ilitwaa Kombe la Afrika kule Misri, na Ndaye Mulamba alifunga magoli 9, rekodi ambayo hakuna mutu ameivunja mu shindano moja mpaka leo. Ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika ya watu weusi kufika mu Kombe la Dunia. Tarehe 14 Juni, Scotland iliwapiga 2-0 tu. Nyuma ya siku nne, Yugoslavia ikawapiga 9-0. Bingwa wa Afrika anasahau mupira kwa siku nne?

Mwepu Ilunga, beki wa Mazembe, alitoa jibu nyuma ya miaka mingi, alipoongea na BBC. Alisema wakubwa waliowasindikiza walikula feza yao. Wachezaji walitaka kukataa kucheza na Yugoslavia, kisha wakaingia bila moyo. Nyuma ya yale magoli 9, walinzi wa Mobutu walikuja kuwaambia: Brazil wakiwapita kwa magoli zaidi ya 3, hakuna atakayerudi nyumbani. Na ule mupira? Alisema sheria alizijua vizuri. Alitaka kufukuzwa uwanjani, kwa sababu hakuona sababu ya kuendelea kuumia wakati wale watakaofaidi feza wamekaa wanaangalia. Mwamuzi akamupa kadi ya manjano tu. Mechi ikaisha 3-0.

Wako wenye kusema: muzee anatafuta kujisafisha, anachafua jina la inchi. Tunawasikia. Ni kweli, feza haielezi kila goli. Siku ya Yugoslavia kipa Kazadi alitolewa nyuma ya goli la 3, Tubilandu akaingia. Ndaye alifukuzwa kwa kosa ambalo hakulifanya yeye. Mambo ya uwanja yako. Lakini mutu anayesema "hatukulipwa" hajibiwi kwa kuambiwa "unatuletea haya". Anajibiwa kwa karatasi: hii hapa feza, hii hapa sinyatire yako. Karatasi ile, iko wapi?

Hapa kwetu Lualaba tunaijua hii hadisi. Mufanyakazi wa kampuni ndogo ya kukodisha watu anasimama, anasema mushahara umechelewa, viatu vya kazi vimetoboka. Kesho yake anaambiwa anaharibu jina la kampuni. Uzalishaji ukishuka, watu ni wavivu. Shaba ikipanda bei, wakubwa ndio wenye akili. Timu ikishinda, ni Rais na Waziri. Ikipigwa, ni miguu ya wachezaji.

Na juu ya nini Mwepu alingoja miaka mingi vile? Tukumbuke wakati ule. Hata sisi wa mashimo tulikuwa na sendika moja tu, UNTZA, na ilikuwa mukono wa MPR. Delege alikuwa wa chama mbele ya kuwa wa wafanyakazi. Mutu wa mupira angeenda kulalamika kwa nani? Hapakuwa na mulango wa kupigia hodi. Basi akapiga mupira.

Wengine wanaogopa kwamba wachezaji wakiongea, timu itakufa. Tuangalie Januari 2017, CAN ya Gabon. Kule Oyem, siku chache mbele ya mechi ya kwanza, wachezaji wetu walikataa mazoezi juu ya prime. Walisema wazi, dunia yote ikasikia. Timu ilikufa? Walipiga Moroko 1-0, goli la Kabananga. Walimaliza wa kwanza mu kundi lao, wakafika robo fainali, Ghana ndio wakawatoa 2-1. Mwaka 1974 walimeza, wakala magoli 9. Mwaka 2017 walisema, wakashinda. Hatusemi kusema peke yake kunafunga magoli. Tunasema kunyamaza hakujaokoa timu yoyote, wala mugodi wowote.

Mwepu alikufa mu 2015. Ndaye alikufa mu 2019 kule Afrika Kusini, mbali na inchi aliyoifungia magoli 9. Hatuwezi tena kuwalipa. Wale wanaovaa ile maillot leo tunaweza.

Basi tunaomba mambo matatu. Moja, prime iandikwe mu mukataba mbele ya ndege kuruka, FECOFA na Wizara watie sinyatire, na sisi wananchi tuisome mu gazeti, maana feza ni yetu. Mbili, wachezaji wachague delege wao wenyewe, sawa vile Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inavyotupatia sisi haki hiyo. Tatu, muzee wa timu akitoka mbele ya mikro kusema timu inaoza, kiongozi asimuulize "nani alikutuma?" Alete hesabu.

Na ninyi vijana wa Kolwezi, ambao kesho mutasaini mukataba wa shimo ao wa mupira: someni mbele ya kusaini, na mukikosa haki yenu, semeni siku ile ile, tena kwa pamoja. Mutu mumoja akisema peke yake watamuita mwenda wazimu. Kumi na moja wakisema, wanaitwa timu.